Kadi mpya ya grafiki? Ipime kwanza uliyo nayo

Niliwahi kubadilisha kadi ya grafiki bila kupima chochote, nikaambulia fremu (picha) nne zaidi kwa sekunde. Nne tu, kwa kadi yenye nguvu karibu mara mbili ya ile niliyoing'oa. Kadi haikuwa mbovu, wala aliyeniuzia hakunidanganya. Ilikuwa imekaa inaisubiri prosesa yangu iliyochoka, na RAM nayo ilikuwa kijiti kimoja kwenye ubao mama wenye nafasi nne. Nusu saa ya kupima ingenionyesha yote hayo kabla sijatoa hela.

Mwongozo huu ni hiyo nusu saa, pamoja na mambo ya kufanya ukishathibitisha kwamba kadi ndiyo inayokuangusha. Nimeuandika kwa wenye kompyuta ya mezani. Kwenye laptopu karibu zote chipu ya grafiki imechomelewa kwenye ubao mama na haibadilishwi, kwa hiyo mwenye laptopu afuate hatua za kupima na za mipangilio, nyingine azipite.

Hatua ya 1: Utaje ugonjwa wenyewe

"Gemu inakwama" bado hujasema kitu. Kuna kukwama kwa namna nyingi, na kadi mpya hutibu baadhi tu.

Ikiwa picha inajikokota muda wote, unazungusha kamera na kila kitu kinafuata kama kinavutwa kwenye tope, kadi ni mshukiwa halali. Lakini ikiwa gemu inateleza vizuri kisha inaganda kwa nukta moja kila unapoingia eneo jipya au kila mlipuko wa aina mpya unapotokea, mara nyingi ni sheda, yaani programu ndogo za kuchora mwanga na rangi, zinazotayarishwa palepale unapocheza, au data inayosomwa polepole kutoka kwenye diski. Gemu kadhaa zilizojengwa kwa Unreal Engine, mfumo wa kutengenezea gemu, zimelalamikiwa sana kwa tabia hii, na zinaganda hata kwenye kadi za bei kali. Jaribio lake ni rahisi: rudi eneo lilelile mara ya pili bila kuzima gemu. Kuganda kukiwa kumepungua sana, usiisingizie kadi.

Wachezaji wenzako wakirukaruka kwenye skrini, au risasi ikionekana imempata adui kisha haikumpata, tatizo ni intaneti. Kompyuta ikijizima yenyewe katikati ya mapigano, shuku joto au pawasaplai, na ujue kwamba kadi yenye uchu zaidi wa umeme itaizima mapema zaidi.

Hatua ya 2: Maliza kwanza makosa yasiyo na gharama

Inama uangalie nyuma ya kompyuta. Waya wa skrini umechomekwa wapi? Kama umeingia kwenye tundu la ubao mama, pale juu karibu na matundu ya USB, basi huenda unacheza kwa grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa huku kadi uliyoilipia imelala. Waya unatakiwa uingie kwenye kadi yenyewe, matundu yake yako chini zaidi na yamelala ubavu. Ni kosa la aibu, na ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri.

Kisha skrini. Kuna watu wananunua skrini ya 144 Hz, yaani inayoweza kuonyesha picha 144 kwa sekunde, na kuitumia miaka miwili ikiwa 60 Hz, kwa sababu Windows haikubadilishwa. Fungua mipangilio ya skrini, ingia sehemu ya mipangilio ya juu, utazame namba iliyochaguliwa pale.

RAM ndiyo inayowaponza wengi zaidi, mimi nikiwa mmoja wao. Kijiti kimoja huipa prosesa njia moja ya kupitishia data. Vijiti viwili vinavyofanana, vikichomekwa kwenye nafasi zinazotajwa na kitabu cha ubao mama, huipa njia mbili, na kwenye gemu zinazoitegemea prosesa tofauti hiyo huonekana kwa macho. Halafu kuna kasi. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 kwenye boksi mara nyingi huamka ikiwa 2133 au 2400 mpaka uingie BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, na kuwasha XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake ya kwenye boksi. Kwa DDR5 kwenye bodi za AMD mpangilio huo huitwa EXPO. Kasi inayotumika sasa hivi utaiona kwenye Task Manager, ukurasa wa kumbukumbu.

La mwisho ni vumbi. Kadi nyingi hujipunguzia kasi zikipata joto, na nyingi za NVIDIA za miaka ya nyuma zilitoka kiwandani zikiwa na lengo la nyuzi joto 83 hivi. Feni zikipiga kelele na kadi ikikaa hapo muda wote, ifungue, ipulize vumbi huku umeshika feni zisizunguke, na ikiwa ina umri wa miaka minne au mitano, badilisha pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na kipoozi chake, kama una mkono mtulivu. Faida yake si kubwa sana. Lakini hukutoa hela ya kadi.

Hatua ya 3: Pima

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo tulia.

Unahitaji programu inayoandika namba juu ya gemu unapocheza. MSI Afterburner, inayokuja pamoja na RivaTuner, inafanya kazi na kadi za makampuni yote hata kama kadi yako si ya MSI. Programu za NVIDIA na AMD zenyewe nazo zina kipimo chao ndani. Washa vitu hivi: matumizi ya GPU (chipu ya grafiki iliyo kwenye kadi) kwa asilimia, joto lake, kumbukumbu ya kadi iliyotumika, matumizi ya kila kiini cha prosesa, fremu kwa sekunde, na kile kinachoitwa 1% ya chini, yaani kasi katika zile fremu mbaya kabisa, moja katika kila mia. Wastani unaweza kuwa 70 huku 1% ya chini ni 22, na macho yako yatakuwa yanaumia kwa ile 22.

Kabla ya kupima, zima V-Sync, inayozifunga fremu kwenye mwendo wa skrini, na kikomo chochote cha fremu. Wengi huruka hapa. Kikomo kikiwa 60, kadi inayoweza kutoa 110 itaonyesha inatumika nusu tu, nawe utadhani prosesa ndiyo inayozuia.

Chagua sehemu moja ya gemu inayokusumbua kweli: soko lenye watu wengi, msitu wenye ukungu, mapigano ya mwisho. Kama gemu ina jaribio lake la kasi ndani, tumia hilo, lakini lisikutoshe peke yake, kwa sababu mengi ni mepesi kuliko gemu yenyewe. Cheza dakika tano, andika namba kwenye karatasi. Utazihitaji baadaye.

Sasa zisome. GPU ikikaa kati ya asilimia 95 na 99 huku fremu ni chache, kadi ndiyo inayobana. GPU ikiwa inaelea kwenye 60 au 70 na fremu bado ni chache, kuna mwingine anayeichelewesha, na mara nyingi ni prosesa au RAM. Usidanganyike na matumizi ya jumla ya prosesa. Gemu huweka mzigo mkubwa kwenye kazi moja kuu, na kwenye prosesa ya viini 8, kiini kimoja kilichojaa kabisa ni asilimia 12.5 tu ya jumla. Prosesa inaweza kuonyesha 35 na kumbe imefika mwisho. Ndiyo maana mimi huiamini namba ya GPU kuliko ya prosesa.

Kisha fanya jaribio ninaloliona la thamani kuliko yote. Bila kugusa mpangilio mwingine wowote, shusha resolusheni, yaani idadi ya pikseli. Kama unacheza kwa 1080p, weka 720p, urudie sehemu ileile. Ukishusha pikseli unaipunguzia kadi kazi kwa zaidi ya nusu, ila prosesa mzigo wake unabaki karibu uleule: inahesabu wahusika walewale, fizikia ileile, amri zilezile za kuchora. Kwa hiyo fremu unazozipata kwa 720p ni karibu na dari ya prosesa yako katika gemu hiyo, na hakuna kadi duniani itakayopita dari hiyo.

Tuseme kwa 1080p unapata 48. Ukishusha hadi 720p ukapata 54, basi kadi yoyote utakayonunua itakupa takriban 54. Hizo ni fremu sita. Fedha iende kwenye prosesa, au kwenye RAM, au ibaki mfukoni. Lakini ukishusha ukapata 105, kuna nafasi kubwa tupu juu ya kadi yako, na kadi yenye nguvu mara mbili utaifaidi karibu yote. Rudia kwa gemu mbili au tatu unazocheza hasa, maana majibu hutofautiana. Gemu za kujenga miji na za mikakati huielemea prosesa, zile za hadithi zenye mandhari ya kupendeza huielemea kadi.

Angalizo dogo. Gemu ikiwa tayari imewashwa DLSS au FSR, ufundi wa kukuza picha ulioelezwa kwenye Hatua ya 6, izime kwanza, la sivyo unapima kitu kingine. Na ufuatiliaji wa miale (ray tracing, kukokotoa njia za mwanga) ukiwashwa huiongezea kazi prosesa pia, si kadi peke yake, kwa hiyo dari uliyoipima bila miale itashuka ukiiwasha.

Hatua ya 4: Tenganisha uchovu wa chipu na uhaba wa kumbukumbu

Kadi inaweza kuwa na chipu yenye nguvu ya kutosha lakini ikaishiwa kumbukumbu yake, VRAM. Dalili zake ni tofauti. Wastani wa fremu unaonekana mzuri, ila 1% ya chini imeporomoka. Gemu inaanza vizuri na kuharibika baada ya dakika ishirini. Kuta na nguo zinabaki na ukungu ukizisogelea, kisha zinajisafisha ghafla.

Namba ya VRAM kwenye kipimo haitoshi kutoa hukumu, kwa sababu gemu nyingi huhodhi kumbukumbu kuliko zinavyohitaji. Zikiona 12 zitashika 10, zikiona 8 zitashika 7. Badala yake, shusha ubora wa tekscha peke yake kwa ngazi moja, yaani zile ngozi zinazovalishwa vitu vyote unavyoviona, uzime gemu na kuiwasha tena. Kuganda kukitoweka, umepata jibu. Ndiyo maana pia sipendi ushauri wa "shusha kila kitu": tekscha hazili fremu kama kumbukumbu inatosha, na kuzishusha bila sababu ni kujinyima picha nzuri bure.

Jambo hili lilianza kuuma tangu PlayStation 5 na Xbox Series X zilipotoka mwaka 2020, kila moja ikiwa na GB 16 za kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja na mfumo mzima. Watengenezaji wakapanua tekscha zao kufuata nafasi hiyo, na kadi za GB 8 zikaanza kupumua kwa shida kwenye gemu mpya zikiwekwa ubora wa juu. RTX 3070 ya mwaka 2020 ina chipu yenye nguvu kuliko RTX 3060 ya 2021, ila ya kwanza ina GB 8 na ya pili GB 12, na zipo hali ambapo yule mdogo anacheza kwa utulivu huku mkubwa anaganda. Mwenye GB 8 hana haja ya kukimbilia dukani, tekscha za kati zinamtosha. Mwenye GB 4 nadhani ameshajua hali yake.

Hatua ya 5: Iulize skrini

Watu hununua kadi kwa kutazama kadi. Mimi naanza na skrini, kwa sababu ndiyo inayopanga kazi. Skrini ya 1920 × 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 2560 × 1440 ina 3,686,400. Ya 4K, yaani 3840 × 2160, ina 8,294,400, mara nne kamili ya ile ya kwanza. Kila fremu kadi inazipaka rangi zote hizo upya. Anayecheza 1080p na kutamani kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya 4K ataishia kuiona ikipiga miayo, na anayenunua skrini ya 4K akiwa na kadi ya kati ajue amejiongezea kazi mara nne kwa siku moja.

Halafu kuna Hz. Skrini ya 60 Hz huonyesha picha mpya kila milisekunde 16.7, hata kadi ikitoa fremu 200. Kama tayari unapata 60 zisizoyumba kwenye skrini ya namna hiyo, sioni sababu ya kuigusa kadi. Badilisha skrini kwanza.

Faida za kuongeza fremu nazo hazilingani. Kutoka 30 hadi 60 unapunguza milisekunde 16.7 katika kila fremu, utaihisi hata mikononi. Kutoka 120 hadi 144 unapunguza 1.4. Wapo wanaoitambua tofauti hiyo, hasa wa mashindano. Mimi sijawahi.

Skrini yenye FreeSync au G-Sync ni jambo jingine la kupima. Inabadilisha mwendo wake kufuata fremu za kadi, ndani ya masafa yake, ambayo kwa nyingi ni kama 48 hadi 144. Fremu 55 zinazocheza juu chini, zinazoudhi kwenye skrini ya kawaida, zinakuwa za kuvumilika kabisa. Kwa mtu mwenye kadi ya kati inayojitahidi, mara nyingi hapo ndipo hela inapofanya kazi zaidi.

Hatua ya 6: Jaribu kuikamua ya zamani

Kabla ya kuitangaza imekufa, ipe jioni moja. Anza na vivuli, ukungu wa hewani, taswira zinazoakisiwa na maji na vioo, na kivuli chepesi cha kwenye kona za vitu (ambient occlusion). Vishushe kutoka juu kabisa hadi kati, kimoja baada ya kingine, ukitazama namba. Kwenye gemu nyingi ngazi ya juu kabisa ya vivuli inakula fremu nyingi kwa tofauti ambayo utaiona tu ukisimama na kuitafuta. Ufuatiliaji wa miale kwenye kadi ya kati ni anasa, uzime.

Kisha kukuza picha. Gemu inachorwa kwa resolusheni ndogo, halafu programu inaikuza na kuisafisha. DLSS inahitaji kadi za RTX. FSR katika matoleo yake ya 2 na 3 inakubali kadi za makampuni yote, hata za zamani kidogo. XeSS ya Intel pia haiwabagui wengine. Ukichagua ngazi ya ubora kwenye skrini ya 4K, ndani gemu inachorwa kwa 1440p. Kwenye skrini ya 1440p inachorwa kwa 960p, na kwenye 1080p kwa 720p tu. Ndiyo sababu ufundi huu unapendeza zaidi kwenye skrini kubwa: ukianza na pikseli chache mno, FSR hasa huanza kuacha ukungu na vimulimuli kwenye majani na nywele.

Fremu za kubuni, zile zinazopachikwa katikati ya fremu halisi, nisingezihesabu kama dawa. Zinafaa pale ambapo tayari una kama 60 halisi na unataka kuijaza skrini ya 144 Hz. Ukiwa na 25 halisi, namba itapanda lakini mkono utaendelea kuhisi 25, tena na uzito kidogo juu yake.

Kuna mahali kukamua hakusaidii. Gemu kama Indiana Jones and the Great Circle ya mwaka 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 zinadai kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale. GTX 1080 Ti ya 2017, pamoja na GB 11 zake na sifa zake zote, haina. Na NVIDIA ilitangaza kwamba kadi za vizazi vya Maxwell na Pascal, yaani GTX 900 na GTX 10, zingeacha kupata draiva (programu zinazoiendesha kadi) za gemu mpya kuanzia Oktoba 2025, zikibakiwa na marekebisho ya usalama pekee. Kama gemu unazozitaka ziko upande huo, uamuzi umeshafanyika.

Hatua ya 7: Je, itaingia?

Mpaka hapa kama bado unaitaka kadi, chukua rula na kurunzi.

Umeme kwanza. Nafasi ya PCIe, ile kadi inapochomekwa kwenye ubao mama, hutoa hadi wati 75. Plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. RTX 4060 inahitaji wati 115 tu na hukaa raha kwenye pawasaplai ya kawaida. RTX 4090 inahitaji 450, na hiyo ni kadi peke yake. Fuata kiwango kinachotajwa na mtengenezaji wa kadi, kisha ujiulize pawasaplai yako ni ya nani na ina miaka mingapi. Alama ya 80 Plus inazungumzia jinsi inavyotunza umeme, haikuhakikishii kwamba imetengenezwa vizuri. Pawasaplai isiyo na jina iliyokuja bure na kasha la kompyuta, mimi ningeibadilisha pamoja na kadi bila kufikiri mara mbili.

Kadi kubwa mpya hutumia plagi moja ya pini 16. RTX 4090 ilipotoka mwaka 2022 zilijitokeza plagi zilizoyeyuka, na moja ya sababu zilizotajwa sana ni kutosukumwa mpaka mwisho. Isukume mpaka isibaki mwanya, na usiukunje waya karibu na shina.

Urefu: pima kutoka bati la nyuma mpaka kizuizi cha kwanza mbele, ukihesabu na feni za mbele. Kadi za milimita 300 na zaidi zimekuwa za kawaida. Pima na unene, nyingine hukalia nafasi tatu.

Halafu njia za PCIe, zile data inazopitia kati ya kadi na ubao mama, jambo ambalo huandikwa kwa maandishi madogo. RX 6500 XT ya mwaka 2022 inatumia njia 4 tu. Kwenye bodi ya PCIe 4.0 inajimudu, kwenye ya PCIe 3.0 inapoteza sehemu ya kuonekana ya kasi yake, hasa GB 4 zake zikijaa. Na wanaonunua hizo ndio hasa wenye bodi za zamani. RTX 4060 na RX 6600 zinatumia njia 8, hasara yao kwenye bodi ya zamani ni ndogo. Kadi za Intel Arc, kama A750 au B580, zina sharti lao: bila Resizable BAR (mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia VRAM yote kwa mkupuo) kuwashwa kwenye BIOS zinaporomoka. Bodi yako isipokuwa nayo, zipite.

Hatua ya 8: Weka mstari wako kabla ya kuona bei

Mstari wangu ni asilimia 50. Kadi mpya isiponipa angalau nusu tena ya fremu nilizo nazo, kwenye gemu zangu na resolusheni yangu, nangoja kizazi kingine. Kutoka 50 hadi 60 utakufurahisha wiki moja, kisha utasahau kama ulibadilisha kitu. Ukipanga 75, linganisha na ile dari uliyoipima kwa 720p. Dari ikiwa 65, mahesabu yako yamekwama hapo.

Majina ya kadi yasikuuzie mbuzi kwenye gunia. GTX 1060 ya GB 3 na ile ya GB 6 hazikutofautiana kumbukumbu tu, ya GB 3 ilipunguzwa na viini pia. GT 1030 ilitoka na kumbukumbu ya GDDR5, baadaye ikaja yenye jina lilelile ila DDR4, dhaifu kuliko ya kwanza kwa mbali. RTX 4060 Ti ipo ya GB 8 na ya GB 16. Soma herufi zote kwenye boksi, na tazama vipimo vya wapimaji wasiouza kadi, ukianzia kwenye 1% ya chini.

Hatua ya 9: Kadi ya mtumba

Mimi nazinunua, na kadi ninayoandikia sasa ni mtumba. Ila sitoi hela kabla haijafanya kazi mbele ya macho yangu. Iwashwe kwenye kompyuta, GPU-Z, programu inayosoma undani wa kadi, ifunguliwe uone kama chipu na kumbukumbu vinafanana na maandishi ya nje, maana zipo kadi za zamani zilizobandikwa jina jipya na kubadilishwa BIOS. Kisha jaribio zito kwa dakika kumi na tano au ishirini, Unigine Superposition au gemu yenyewe, na OCCT kwa kumbukumbu. Unatafuta vidoti vya rangi, mistari, skrini kuwa nyeusi, feni inayokwaruza, joto linalopanda bila kusimama. Muuzaji akisema hana muda, nawe huna hela.

Kadi zilizochimba sarafu za kidijitali zilijaa sokoni baada ya Ethereum kuacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022. Sizikimbii. Nyingi zilifanyishwa kazi kwa umeme uliopunguzwa na joto lisilopandapanda. Kinachochoka ni feni na kumbukumbu, na hivyo ndivyo vya kupima.

Hatua ya 10: Ichomeke, kisha rudi kwenye karatasi yako

Ukihamia kadi ya kampuni nyingine, futa draiva za zamani kwa DDU, programu ya kazi hiyo, ukiwa kwenye hali salama ya Windows. Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe. Shika chuma cha kasha kutoa umeme tuli. Achia kile kilimi kidogo mwishoni mwa nafasi ya PCIe kabla ya kuvuta. Wengi wamekivunja kwa kukisahau. Ingiza mpya mpaka kilimi kilie, funga skrubu, unganisha plagi, waya wa skrini kwenye kadi. Washa Resizable BAR kama ipo, weka draiva mpya.

Sasa itoe ile karatasi. Sehemu ileile ya gemu, mipangilio ileile, V-Sync imezimwa. Andika namba pembeni ya zile za kwanza. GPU ikiwa kwenye 97 na fremu zimepanda kama ulivyokadiria, pandisha vivuli ufurahi. Zikiwa pungufu sana, angalia kwenye GPU-Z kama kadi inatumia njia zote za PCIe ilizo nazo wakati ina kazi, kama joto halijaishusha, kama plagi zote zimeingia. Ukikuta vyote sawa na fremu bado hazijasogea, irudishe kwenye boksi lake kabla muda wa kurejesha bidhaa haujaisha.